Wageni wa Mida wanafunga safari

MWANAISHA: Karibuni tena. Mwanaisha hapa, na Kazungu kaja moja kwa moja kutoka Mida, ule mkono wa bahari wa Watamu, suruali bado imekunjwa magotini. Leo tumepanga mambo matatu ya kumsaidia anayeanza kutazama ndege wa matopeni, kabla hawajaondoka wote. Lakini kwanza atoe lile alilonipigia simu usiku.

KAZUNGU: Dada, sikulala vizuri. Nilikuwa Dabaso, hapo hapo Mida, mwisho wa lile daraja la mikokoni, pale kibandani. Bamvua, maji yamepwa mbali kabisa, nikangoja yaanze kujaa.

MWANAISHA: Wageni wasikie hapo. Mida huendi kwa saa ya ukutani, unakwenda kwa maji. Yakijaa ndiyo yanawasogeza ndege kwako.

KAZUNGU: Naam. Na wengi wameshabadili manyoya. Yule mdogo wa mdomo uliopinda chini, Calidris ferruginea, tumemzoea wa kijivu miezi yote ya kaskazi. Sasa kifua chote rangi ya kutu. Huyo anakwenda kuzaa kaskazini kabisa ya Siberia, na amenenepa, unaona tumbo linavyoning'inia akitembea.

MWANAISHA: Na wala kaa?

KAZUNGU: Ndiyo nafika. Wale weupe wa mgongo mweusi, Dromas ardeola, wamebaki wachache. Mmoja ni kijana, mgongo bado wa kijivu, na amemganda mkubwa. Mkubwa akipiga hatua, naye yuko nyuma, kajikunyata, shingo kaiingiza mabegani, anapiga mluzi tu. Mkubwa akamnasa kaa, akampigiza chini mpaka miguu ikakatika. Kijana akasogea, mdomo wazi. Hakupewa! Mkubwa akammeza mwenyewe, akaenda zake.

MWANAISHA: Ndege wa umbo lile bado anaomba kulishwa.

KAZUNGU: Na amevuka bahari kwa mabawa yake! Hilo ndilo lililonishika.

MWANAISHA: Lakini ndivyo walivyo. Hawa wanazaa visiwa vya Ghuba na Bahari ya Shamu, na hawajengi kiota juu. Wanachimba shimo refu mchangani, yai moja tu, jeupe, na joto la mchanga linasaidia kuliatamia. Katika jamaa zao wote wa pwani hakuna mwingine anayefanya hivyo. Kifaranga anakaa mle shimoni, kaa wanaletwa mlangoni. Kisha mzazi na mtoto wanashuka pamoja mpaka huku kwetu, na bado analishwa miezi na miezi. Kaa ana magando, Kazungu. Si chakula cha kuokota tu.

KAZUNGU: Sawa, lakini sasa mkubwa anaondoka. Kusi imeanza kuvuma, inamsukuma mgongoni, ile ile iliyorudisha majahazi Maskati. Na kijana haendi.

MWANAISHA: Wengi wa mwaka wa kwanza hawaendi. Wanabaki hapa hapa mpaka wakomae. Ukipita Mida mwezi wa saba utawakuta, kundi la vijana watupu.

KAZUNGU: Kwa hiyo ile jana huenda ndiyo mara ya mwisho kumwomba.

MWANAISHA: Huenda. Na mimi naona mkubwa alifanya vyema kumnyima.

KAZUNGU: Vyema vipi?

MWANAISHA: Akiondoka wiki ijayo na mtoto hajui kuvunja gando, si amemuua? Wewe kijana ulimwona akikamata wake mwenyewe?

KAZUNGU: Alimkamata mdogo. Akamwacha akaponyoka, akamfuata, akamkanyaga, akamnasa tena. Akammeza na miguu yake yote.

MWANAISHA: Basi ataishi!

KAZUNGU: Nilitaka kumtazama zaidi, wakaruka wote.

MWANAISHA: Nani aliyewarusha?

KAZUNGU: (kimya) Wachimba chambo.

MWANAISHA: Haya. Nilijua tutafika hapo.

KAZUNGU: Usianze, dada.

MWANAISHA: Naanza. Ndege yule wa kutu anatakiwa aongeze nusu ya uzito wake au zaidi kabla ya safari. Kila akirushwa anachoma mafuta aliyoyatafuta tangu asubuhi. Oktoba 2024 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, walimpandisha daraja kuwa miongoni mwa walio hatarini kutoweka, pamoja na ndege wengine kadhaa wa pwani. Mimi nasema mwezi wa nne, pale wanapokula sana, matope yafungwe. Mwezi mmoja tu.

KAZUNGU: Mwezi mmoja nani atamlisha shangazi yangu? Mwezi wa nne mvua inaanza, bahari inachafuka, watalii wamekwisha, mahoteli yanafunga. Chambo ndiyo pesa pekee. Na hao ndege hawapungui kwa sababu ya mama mwenye panga na ndoo. Wanapungua kwa sababu fukwe zinafukiwa na kujengwa njia nzima ya safari yao. Wafungie hao kwanza.

MWANAISHA: Hao siwezi kuwafikia. Mida naweza.

KAZUNGU: Ndiyo maana unamfungia aliye karibu! Mida ni hifadhi, sheria zipo tangu sisi hatujazaliwa, na kila sheria mpya inamwangukia mchimbaji. Tukae nao, wachague wenyewe upande wa kuchimba maji yakianza kujaa. Nusu huku, nusu kule.

MWANAISHA: Na ndege atajuaje kwamba nusu hii ni yake?

KAZUNGU: Atajua siku ya pili tu. Ndege si mjinga.

MWANAISHA: Mimi sijaridhika. Nusu ya matope mazuri si matope yote mazuri, na safari yake haigawanyiki nusu.

KAZUNGU: Nami siungi mkono kufunga. Leo, kesho, hata ukinipa darubini yako.

MWANAISHA: Fundi wa sauti ananionyesha vidole. Kazungu, yale mambo matatu!

KAZUNGU: Hatuyawezi. Taja waliobaki tu, haraka.

MWANAISHA: Basi haraka. Keremkerem wekundu, wale wala nyuki, waliokuwa wakilala mikokoni wameshapanda kaskazini. Wale wa Madagaska watazamieni kuanzia Mei, kichwa cha hudhurungi. Na Gede, chini ya miti ya magofu, tafuteni yule wa kifua cha madoadoa, Geokichla guttata. Huyo anatoka kusini, anaingia wakati wenzake wanatoka. Tembea polepole, anapekua majani makavu.

KAZUNGU: Na usimchezee sauti ya simu ili atoke. Mwache.

MWANAISHA: Hapo tunakubaliana. Jinsi ya kuwatofautisha wale ndege wengine wawili wa mchangani wanaofanana, mkubwa na mdogo, itabidi ingoje kipindi kijacho.

KAZUNGU: Tazameni miguu na urefu wa mdomo, kisha...

MWANAISHA: Muda umekwisha, kaka.

KAZUNGU: Jumamosi natangulia Dabaso kabla maji hayajajaa. Shangazi atakuwepo. Njoo umwambie mwenyewe hiyo habari ya kufunga.

MWANAISHA: Nitakuja, na nitamwambia.