Anatoka Lini?

Mabibi na mabwana, hamjambo. Mlipoingia hapa Makumbusho mmeipita sanamu ya Ahmed pale uani. Ndovu yule wa Marsabit alilindwa kwa amri ya Rais Jomo Kenyatta hadi alipokufa kifo cha kawaida mwaka 1974. Lakini Ahmed alikuwa huru. Leo nataka tumzungumzie aliyefungwa.

Katika bustani ya wanyama ya Islamabad, Pakistan, kulikuwa na dume aitwaye Kaavan, aliyeletwa kutoka Sri Lanka mwaka 1985 akiwa mtoto. Mwenzake, Saheli, alikufa 2012, akabaki peke yake. Kichwa kikawa kinakwenda kushoto, kulia, kushoto, kulia, kutwa. Wageni walidhani anacheza! Tembo ni wa kutembea, tena na jamaa zake. Kaavan hakuwa na njia wala jamaa. Mei 2020 Mahakama Kuu ya Islamabad ikatamka kwamba mnyama ana haki zake kisheria, na Novemba akapandishwa ndege hadi Kambodia.

New York ikawa vingine. Mawakili walimwombea Happy, jike wa bustani ya wanyama ya Bronx, afunguliwe kwa ombi lile lile la mtu aliyefungwa kinyume cha sheria. Juni 2022 majaji 5 kwa 2 wakakataa: haki hiyo ni ya binadamu.

Mimi nakereka tukibishana kama tembo ni mtu. Ningemuuliza anayemfuga: anatoka lini?

Maana hata hapa Nairobi tunafuga tembo. Nendeni kituo cha yatima cha Sheldrick, ndani ya mbuga yetu. Mtoto hupewa chupa ya maziwa kila baada ya saa tatu, usiku na mchana. Mlezi hulala naye chumba kimoja. Blanketi likimteleza mgongoni, huamka akamfunika. Na walezi hupokezana, kwa sababu mtoto akimzoea mmoja tu, siku huyo akiondoka anaweza kugoma kula, akafa. Akishakua hupelekwa Tsavo, na siku ya kufuatana na ndovu wa porini huichagua mwenyewe.

Sheria yetu ya kuzuia ukatili, Sura 360, humwadhibu anayemtesa mnyama. Fimbo huacha alama. Je, miaka minane ya upweke itamwonyesha askari nini? Ndiyo maana nataka kila kibali cha kumfuga tembo kiandikwe mwezi na mwaka wa kumwachilia, na pori atakalorudi. Kibali kisicho na tarehe hiyo kisitiwe sahihi.