Boise City: Mji Uliouzwa Kabla Haujajengwa

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kufika. Mwenyekiti aliniomba nizungumzie mji mdogo wa bara, na najua wengine mlidhani nitawapeleka Marsabit au Kongwa. Leo twende mbali kidogo, nyika za Marekani, jimbo la Oklahoma, kaunti ya Cimarron. Makao makuu ya kaunti hiyo ni Boise City. Wenyeji hulitamka jina kwa mkato, "Bois". Ukisema "Boizi" kama ule mji mkubwa wa Idaho, watakujua papo hapo kuwa ni mgeni.

Oklahoma kwenye ramani ni kikaango chenye mpini mrefu upande wa magharibi. Cimarron ndiyo ncha ya mpini. Inapakana na majimbo mengine manne, yaani Kansas, Colorado, New Mexico na Texas, na hakuna kaunti nyingine Marekani yenye majirani wa namna hiyo. Eneo lake ni kilomita za mraba zipatazo 4,700; chukua Unguja na Pemba, ziweke humo, na nafasi itabaki. Watu je? Sensa ya 2020 ilihesabu 2,296. Ndiyo, elfu mbili. Mwenye shida katika ofisi za jimbo kule Oklahoma City anaendesha gari zaidi ya kilomita 500, ilhali Santa Fe na Denver, miji mikuu ya majimbo ya wenzao, iko karibu zaidi.

Huo mpini nao una kisa chake. Texas ilikuwa jimbo la utumwa, na kwa makubaliano ya wakati ule utumwa haukuruhusiwa kuvuka kwenda kaskazini ya mstari wa latitudo wa nyuzi 36 na nusu. Mwaka 1850 Texas ikaona heri iachie ardhi ya kaskazini ya mstari kuliko kuwaachia watumwa. Baadaye Kansas ikachorewa mpaka wake kwenye nyuzi 37. Katikati ukabaki ukanda wa nusu nyuzi usio na mwenyewe, na ukakaa hivyo miaka 40, hadi 1890. Hakuna mahakama, hakuna msajili wa ardhi. Aliyelima alilima tu, na shahidi wake alikuwa jirani, kama jirani yupo.

Mahali pa namna hiyo ni pepo ya matapeli. Mwaka 1908, mwaka mmoja tu baada ya Oklahoma kuwa jimbo, kampuni moja kutoka Guthrie ilianza kuuza viwanja vya Boise City kwa njia ya posta. Vipeperushi vilionyesha barabara za lami zenye miti kila upande, maduka, reli, na kisima cha maji yanayobubujika yenyewe. Jina lenyewe inasemekana limetokana na neno la Kifaransa lenye maana ya mahali penye miti. (Nani humu ndani hajawahi kuletewa kipeperushi cha aina hii? Umeme upo, maji yapo, lami dakika tano.) Viwanja 3,000 vikanunuliwa. Wanunuzi wakafika na mizigo yao, wakakuta nyasi na upepo. Mti hata mmoja hakuna, reli hakuna. Kubwa kuliko yote, wauzaji hawakuwa na hati ya ardhi waliyoiuza. Wakuu wa kampuni walishtakiwa kwa ulaghai wa posta. Wawili wakafungwa gereza la Leavenworth, wa tatu akafa kwa kifua kikuu kabla ya kuanza kifungo.

Sasa sikilizeni ninachotaka kusema leo, maana vioja vya mji huu vitawapotezea njia. Baadhi ya waliotapeliwa hawakurudi kwao. Wakajenga mji kwa kweli, na mji ukashika makao makuu ya kaunti. Reli ilifika 1925. Mwaka uliofuata likajengwa jengo la mahakama, katikati kabisa, na barabara kuu zinazoingia mjini zinalizunguka kama keepilefti. Msichukulie neno mahakama kwa maana ya hapa kwetu tu. Katika kaunti ya Marekani, humo ndimo unapochukua leseni ya ndoa, unapolipa kodi ya ardhi, na ndimo karani anapoandikisha kila hati ya kila shamba. Mji ulioanza kwa viwanja visivyo na hati ukapata riziki kwa kutunza hati. Mimi naamini ni hilo lililouokoa.

Maana yaliyokuja baadaye yangeua mji mkubwa kuliko huo. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza bei ya ngano ilipanda, wakulima wakaingiza matrekta na kupindua nyasi ambazo mizizi yake ndiyo iliyoshika udongo tangu zamani. Bei ikaanguka, kisha kuanzia 1931 mvua ikakata. Wazee wa Kongwa, Tanzania, walioona mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947 ukashindwa, na matrekta yake mazito, kisa hiki hawahitaji kuelezwa mara mbili. Udongo ukaondoka na upepo. Umeme tuli ulijaa hewani hata injini za magari zikawa zinazimika, watu wakafunga minyororo nyuma ya gari iburute chini kuupeleka ardhini. Jumapili ya tarehe 14 Aprili 1935 lilikuja wingu jeusi lililogeuza mchana kuwa usiku. Mwandishi wa habari Robert Geiger lilimkuta njiani, kilomita kama 10 kutoka Boise City; katika habari aliyoituma kesho yake ndimo lilimotokea jina ambalo eneo zima linaitwa hadi leo, Bakuli la Vumbi.

Mwaka uliofuata Arthur Rothstein alipiga picha katika kaunti hiyohiyo. Itafuteni. Baba na wanawe wawili wanakimbilia kibanda kilichozama mchangani. Baba ameinama, mkubwa yuko naye sambamba, mdogo ameachwa nyuma hatua mbili tatu, mkono umefunika macho. Hakuna anayemsubiri.

Mwaka 1930 kaunti ilikuwa na watu 5,408. Leo imebaki na chini ya nusu. Lakini mji wenyewe, wakati ule ulikuwa na watu kama 1,250, na mwaka 2020 walikuwa 1,166. Mashamba yamepoteza watu, ofisi haikupoteza.

Ofisi hiyo iliwahi kuuponza mji pia. Usiku wa tarehe 5 Julai 1943, saa sita na nusu, ndege ya jeshi ya kuangusha mabomu, B-17, kutoka kambi ya Dalhart, Texas, ilikuwa ikitafuta uwanja wa mazoezi uliowekwa taa nne. Rubani na wenzake wakaona taa nne za uwanja wa mahakama. Wakaangusha mabomu sita ya mazoezi, ya mchanga na baruti kidogo. Moja lilitoboa paa la gereji, jingine likatua ubavuni mwa kanisa la Wabaptisti. Hakuna aliyeumia. Umeme ukakatwa, mji ukawa giza, ndege ikaondoka.

Mkienda leo mtaona ngano, ng'ombe, na mtama. Ndiyo, mtama huu wetu, uliotoka Afrika, umeshika kule kwa sababu unavumilia ukame. Penye umwagiliaji, maji yanatoka chini, kwenye hazina kubwa iitwayo Ogallala, iliyokuwepo chini ya miguu ya wale matapeli walipokuwa wakichora kisima chao cha uongo. Pampu zinayavuta haraka kuliko mvua inavyoyarudisha, na wenye visima wanazidi kuchimba.