Maji Ndani ya Mteremko: Theluji ya Pwani na Udongo wa Kawetere

(Mhadhara kwa waongoza watalii na wanafunzi wa jiografia, Mbeya)

Shikamooni wazee wangu. Ndugu zangu, habari za jioni.

Huenda mnajiuliza theluji inatuhusu nini sisi ambao baridi yetu kali ni sakitu ya Makete na Kitulo. Inatuhusu kwa sababu mteremko ukishaingiwa na maji, uwe wa theluji au wa udongo, hulegea kwa namna zinazofanana sana. Wenzetu wa nchi za theluji wamelichunguza jambo hilo kwa muda mrefu, na wamelilipia kwa roho za watu.

Chukueni milima ya Cascade, kaskazini-magharibi mwa Marekani. Pepo za Pasifiki huipiga zikiwa zimejaa unyevu. Kwenye Mlima Baker, msimu wa 1998 hadi 1999 ilianguka theluji ya meta 29 hivi, rekodi ya dunia kwa msimu mmoja. Theluji ya pwani ni nzito, na joto lake haliko mbali na nyuzi sifuri. Uzuri wake ni kwamba matabaka yake hushikana upesi baada ya dhoruba. Ubaya wake, mvua au jua kidogo tu huanza kuiyeyusha.

Kuanzia Machi, majira ya machipuko, maji hupenya katikati ya chembe za theluji na kuyeyusha kile kilichozishikanisha. Hushuka mpaka yakutane na tabaka gumu la barafu, au mwamba unaoteleza, yakatandaa hapo. Mzigo wote wa juu sasa umekalia utelezi. Miteremko ya nyuzi 30 hadi 45 ndiyo ya kuogopwa zaidi. Poromoko la theluji yenye maji haliendi kasi kama la theluji kavu, lakini likisimama hukaza kama zege, na aliyefukiwa hawezi kusogeza hata mkono. Akifukuliwa ndani ya dakika kumi za mwanzo ana nafasi nzuri ya kupona. Ikifika nusu saa, wengi wameshakosa hewa. Ndiyo maana kila mpandaji hubeba kifaa cha mawimbi ya redio, ufito mrefu wa kudungia theluji kumtafuta aliyefukiwa, na koleo. Wa kukuokoa ni mwenzako uliyepanda naye.

Wakulima wa viazi mliopo hapa, mnajua kwamba sakitu huja usiku usio na wingu. Mpanda mlima wa Cascade anategemea ujuzi huohuo. Anga likiwa wazi, uso wa theluji hupoteza joto lake na kuganda. Alfajiri anapita, na kabla jua halijakolea awe ameshateremka. Mawingu yakitanda usiku kucha, theluji haigandi vizuri, na mwenye busara hapandi.

Machi 1, 1910, katika kituo cha reli cha Wellington, jimbo la Washington, treni mbili zilikuwa zimekwama kwa siku kadhaa. Theluji ikageuka mvua yenye radi, na usiku ule mteremko wa juu ukakatika ukazisukumia bondeni. Walikufa watu 96. Msitu wa mteremko ule ulikuwa umeshaungua moto. Nawaomba sana mlishike hilo la msitu: miti husaidia kuushikilia mteremko, uwe wa theluji au wa udongo.

Aprili 14, 2024, tope kutoka Mlima Kawetere lilifukia nyumba na majengo ya shule pale Itezi, hapa hapa jijini. Mvua za msimu ziliukuta udongo umeshashiba. Na ardhi ya Rungwe na maeneo ya jirani ina matabaka ya majivu na mawe mepesi ya volkano: tabaka moja linapitisha maji, jingine linayazuia, na yakizuiwa hutafuta pa kutokea.

Kwa maoni yangu tunakosea tunapoitazama mvua ya siku moja peke yake. Hesabuni mvua ya wiki nzima. Kagueni mashamba ya juu: nyufa mpya ardhini, miti iliyoanza kuinama, chemchemi ya maji safi iliyogeuka tope, kijito kilichopungua ghafla huku mvua ingali inanyesha. Mkiona mojawapo, msingoje kupambazuke. Watoeni watoto na wazee kwanza, wasipite kwenye mkondo wa kijito, kisha mpigieni mwenyekiti wa mtaa awaamshe walio chini yenu.