Aurora za Kaskazini na Kusini si Pacha

Mabibi na mabwana, nitalirudia lile lile ninalolisema kila nikipewa kipaza sauti: aurora, ule mwanga wa rangi unaowaka angani karibu na ncha za dunia, ya kusini si ile ya kaskazini iliyotazamwa kwenye kioo. Najua hoja ya vitabuni. Elektroni, chembe ndogo za umeme zinazowasha mwanga huo, hufuata mistari ya sumaku ya dunia, kila mstari una mguu mmoja kaskazini na mwingine kusini, basi kinachowaka huku lazima kiwake na kule. Ingekuwa hivyo kama dunia ingekuwa peke yake. Lakini inapigwa na upepo wa jua, yaani chembe za umeme zinazomiminika kutoka kwenye jua, usiku na mchana, na upepo huo unakuja na sumaku yake.

Chukueni tarehe 12 Mei 2001. Setelaiti ya IMAGE ilikuwa ikiitazama kaskazini, na ile ya Polar ikiitazama kusini, kwa wakati mmoja. Nafasi kama hiyo hupatikana kwa nadra. Kaskazini, doa kali la mwanga lilikuwa upande wa alfajiri, yaani upande wa dunia ambako kunapambazuka. Kusini lilikuwa wapi? Upande wa jioni! Watafiti Karl Magnus Laundal na Nikolai Østgaard walizichapisha picha hizo mwaka 2009, na bado kuna wanaofundisha habari za kioo.

Mtaniambia: Mei kaskazini kuna jua, kusini ni giza, tofauti ni ya majira. Majira yanachangia, sikatai. Lakini majira hayageuki ndani ya saa moja. Sumaku ya upepo inageuka. Ikielekea upande wa jioni, mlipuko wa mwanga wa usiku kaskazini husogea kuelekea jioni, na wa kusini kuelekea alfajiri. Ikigeukia upande wa pili, nao hubadilishana. Majira gani yanafanya hivyo?

Kinachotokea ni hiki. Mistari ya upepo hushikana na ya dunia upande wa mchana, kisha huburutwa hadi kwenye mkia wa sumaku nyuma ya dunia. Sumaku ya upepo ikiwa imeelekea pembeni, huivuta mistari hiyo irundikane upande mmoja kaskazini na upande wa pili kusini. Mgandamizo hauwi sawa, mkia unasokoteka, na miguu ya mstari mmoja inaachana kwa mamia ya kilomita.



Tangu mwanafizikia James Dungey aeleze mwaka 1961 kwamba sumaku ya upepo ikielekea kusini ndipo mlango wa kuingiza nguvu ya upepo unafunguka, kila anayesubiri aurora anaitazama tarakimu moja tu, ya kipimo cha kaskazini-kusini. Ni sahihi, ila haitoshi. Setelaiti ya ACE, kilomita milioni 1.5 kutoka hapa kuelekea jua, hupima na mwelekeo wa pembeni. Upepo huchukua saa moja hivi kutoka pale hadi kwetu. Kipimo tunacho, muda tunao. Mtu wa Tasmania, kisiwa cha kusini mwa Australia, asipewe ramani ya utabiri wa aurora ya kaskazini iliyopinduliwa, achorewe yake.