Mkono Kabla ya Jicho: Kutambua na Kuzuia Majeraha ya Mgandamizo Wodini

Wauguzi wenzangu, wanafunzi wetu, na ninyi mama zetu na kaka zetu mliokaa pale nyuma mkisubiri muda wa kuwaona wagonjwa wenu: wakubwa shikamooni, na wengine habari za mchana.

Nianze na kijana mmoja. Mwaka wangu wa pili kazini alilazwa wodi ya wanaume baada ya ajali ya bodaboda. Uti wa mgongo uliumia, na kuanzia kitovuni kwenda chini hakuhisi kitu. Chuoni nilifundishwa kwamba dalili ya kwanza ya kidonda cha kulala ni ngozi kuwa nyekundu. Basi kila asubuhi nilimgeuza, nikamtazama, sikuona wekundu, nikaandika kwenye faili: ngozi iko salama. Siku ya nne mama yake, ambaye ndiye alikuwa akimwogesha, akaniita. "Sista, hebu shika hapa. Mbona pana moto, halafu pagumu?" Nikapatazama, sikuona kitu. Nikamwambia, mama usijali, ni joto la godoro. Siku mbili baadaye pale pakawa peusi kama mkaa. Wiki iliyofuata tulikuwa tunasafisha shimo la kuingia ngumi, na mfupa unaonekana chini.

Yule mama aligundua kabla yangu kwa sababu alitumia mkono. Mimi nilikuwa natafuta rangi ambayo ngozi ya mwanawe haikuweza kunionyesha. Kosa lilikuwa langu, na ndilo lililonileta mbele yenu leo.

Maelezo mengi ya vitabuni yaliandikwa na watu waliokuwa wanatazama ngozi nyeupe. Kwenye ngozi hiyo, mahali palipoumia huwa pekundu, na ukipabonyeza kwa kidole wekundu hauondoki. Kwenye ngozi yetu wekundu huo unaweza usionekane kabisa. Kwa hiyo fungua pazia, mgeuzie mgonjwa kwenye mwanga wa dirisha, kwa maana taa za mirija hudanganya. Tafuta mahali palipozidi weusi kuliko jirani yake, au palipopiga zambarau, au ngozi iliyovimba na kung'aa. Kisha weka mgongo wa kiganja pale, halafu uweke sentimeta chache pembeni, ulinganishe. Pana moto kuliko pembeni? Au pamepoa? Bonyeza taratibu: pamekakamaa, au panabonyea teketeke? Na mgonjwa mwenye hisia muulize kama panauma, maana mara nyingi maumivu hutangulia mabadiliko ya rangi.

Mahali pa kupapasa panajulikana: kifandugu, nyonga, visigino, vifundo vya miguu, mabega, viwiko, kisogo. Ongeza nyuma ya masikio kwa mwenye mpira wa oksijeni, na chini ya kingo za plasta ngumu. Visigino husahaulika sana, kwa kuwa tunafunika miguu shuka na kuondoka.

Kwa nini ndani kuharibike wakati ngozi ya juu bado ni nzima? Mtu anapolala, nyama hubanwa kati ya mfupa na godoro, na mishipa midogo ya damu hujifunga. Sisi wazima hujigeuza usingizini bila kujua. Aliyepooza, aliyepoteza fahamu, bibi aliyevunjika nyonga au mgonjwa aliyetoka upasuaji mrefu, hawawezi. Msuli ulio jirani na mfupa hukosa damu na kufa, wakati ngozi bado inavumilia. Mmeshakata embe zuri la nje mkakuta limeoza kokwani? Ndivyo ilivyo. Ndiyo sababu mwaka 2016 jopo la wataalamu wa Marekani linaloshughulikia jambo hili liliacha kuyaita vidonda vya mgandamizo na kuanza kuyaita majeraha ya mgandamizo: hatua ya kwanza haina kidonda chochote, ngozi bado ni nzima. Hatua ya pili ngozi ya juu imechubuka au ina lengelenge, ya tatu mafuta yanaonekana, ya nne ni msuli na mfupa. Anayesubiri kuona kidonda amechelewa hatua nzima.

Sasa kuzuia. Daktari Ludwig Guttmann alipoanza kuhudumia waliovunjika uti wa mgongo pale Stoke Mandeville, Uingereza, mwaka 1944, wagonjwa wa aina ile walikuwa wakifa kwa vidonda hivi na kwa maambukizi ya mkojo. Yeye aliagiza wageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana. Hakukuwa na mashine ya ajabu. Ilikuwa ni mikono, na mtu wa kuisimamia saa.

Mkimgeuza, msimlaze ubavu kabisa juu ya mfupa wa nyonga. Mwinamisheni kiasi cha nyuzi 30, mto nyuma ya mgongo. Visigino vielee: mto ukae chini ya kigimbi cha mguu, kisigino kisiguse kitu. Glovu iliyojazwa maji naikuta bado kwenye wodi nyingi. Tuiache, kwa sababu kisigino bado kinabanwa. Pete ya mpira ya kukalia nayo tuiache, maana hubana damu kuzunguka pale pale tunapotaka kupaokoa. Na tafadhali, akina mama, mahali penye moto msipachue kwa mafuta wala spiriti. Nyama ile imeshaumia, kuichua ni kuichana zaidi.

Mgonjwa akiteleza kuelekea miguuni, tusimburute. Ngozi hubaki kwenye shuka huku mfupa ukisogea, na mishipa inakatika katikati. Watu wawili, shuka iliyokunjwa chini yake, anyanyuliwe. Ule mpira wa kitandani tunaoutandika kwa ajili ya mkojo hukusanya jasho, kwa hiyo usigusane na ngozi, na nguo iliyolowa ibadilishwe mara moja. Chakula nacho ni dawa hapa: mayai, dagaa, maharage, maziwa. Uji mtupu wa sukari haujengi nyama.

Wanafunzi, mizani ya Braden ya kupima hatari ya mgonjwa kupata majeraha haya, iliyotolewa mwaka 1987, mnaijua: kuhisi, unyevu, kutembea, kujigeuza, lishe, msuguano. Jumla ya juu ni 23. 18 kushuka chini, yumo hatarini. Napenda kwamba haina swali hata moja la rangi. Ijazeni siku ya kulazwa, na tena hali ikibadilika.

Najua mnachotaka kusema: sista mmoja, vitanda arobaini, usiku. Nimekuwa sista huyo. Ndiyo maana nawataka ndugu wa wagonjwa ndani ya ukumbi huu. Ninyi ndio mnaowaogesha. Mkihisi moto, ugumu, au uteketeke, semeni, na muuguzi asiyeandika mliyosema, mwombeni aandike.

Pale mbele kuna kitanda chenye godoro letu la kawaida. Nani atalala? Njoo, mwanangu, lala chali. Wengine mje mmoja mmoja, mpenyeze kiganja chini ya godoro, usawa wa kifandugu chake. Mkiusikia mfupa, godoro hilo limekwisha, na hapo juu yake ndipo tumekuwa tukilaza watu.