Umbali, muda na mwendokasi: tupime wenyewe barabarani

Karibuni tena, jamani. Leo tuko Busia, upande wa Uganda, kwenye marramu, yaani barabara ya udongo na changarawe. Vifaa: baiskeli, simu yenye saa ya kuhesabu sekunde, na kamba ya mita 20 yenye fundo kila mita. Ndiyo, kamba hizi ninauza, namba iko chini ya video. Kanuni mnaijua: mwendokasi ni umbali kugawanya kwa muda. Umbali ni mwendokasi mara muda. Muda ni umbali kugawanya kwa mwendokasi. Tusikae hapo.

Vuta kamba inyooke. Chaki kwenye marramu haionekani, mwaga majivu: mstari mmoja huku, mwingine kule. Mwendesha baiskeli aanzie mita 10 nyuma ya mstari wa kwanza, ili akiufikia awe ameshashika mwendo.

Mwenye simu asimame mstari wa mwisho. Msaidizi ashushe kitambaa gurudumu la mbele likigusa mstari wa kwanza, nawe ubonyeze. La mbele likigusa mstari wako, bonyeza tena. La mbele, kote kuwili! Ukisubiri la nyuma umeongeza kama mita nzima bila kujua. Haya... ngoja, ngoja. Boda imetufutia mstari. Leteni majivu. Turudie, na tafadhali, gurudumu la mbele.

Sekunde 5. Ishirini kwa tano ni mita 4 kwa sekunde. Zidisha kwa 3.6, kwa sababu saa ina sekunde 3,600 na kilomita ina mita 1,000: kilomita 14.4 kwa saa.

Mbona tusipime mita 5 tu tukaenda kunywa chai? Kidole huweza kukosea kama sekunde 0.2. Mita 5 zinapitwa kwa sekunde 1.25, kwa hiyo kosa ni asilimia 16. Kwenye sekunde 5, kosa hilohilo ni asilimia 4.

Sasa sogeeni karibu na ubao, hapa ndipo watu wanapozama. Dakika si desimali. Narudia, dakika si desimali! Mkimbiaji wa Uganda, Joshua Cheptegei, alikimbia mita 5,000 kule Monaco mwaka 2020 kwa dakika 12 na sekunde 35.36. Ukiandika dakika 12.35 umempunguzia sekunde 14, na hata yeye hakuziomba. Fanya hivi: 12 mara 60 ni 720, jumlisha 35.36, unapata sekunde 755.36. Gawanya 5,000 kwa hizo: mita 6.62 kwa sekunde, karibu kilomita 23.8 kwa saa. Baiskeli yetu angeiacha mbali.

Mtego wa pili ni wetu sisi wa saa ya Kiswahili. Taksi imetoka Kampala simu ikionyesha 8:00. Abiria anakwambia wamefika Jinja saa nne na nusu. Ukitoa 8:00 kwenye 4:30, taksi imefika kabla ya kuondoka! Chagua saa moja: ama mbili hadi nne na nusu, ama 8:00 hadi 10:30. Zote ni saa 2 na dakika 30, yaani 2.5. Si 2.30! Njia ni kama kilomita 80, kwa hiyo 80 kwa 2.5 ni 32 kwa saa. Msongamano wa kutoka Kampala umo humo ndani, ndiyo maana huu unaitwa mwendokasi wa wastani.

Swali kabla jua halijachoma zaidi: kwenda Jinja kwa kilomita 40 kwa saa, kurudi kwa 80, wastani ni ngapi? Nawasikia mkisema 60. Kwenda saa 2, kurudi saa 1. Kilomita 160 kwa saa 3 ni 53.3. Ule mwendo wa polepole umekula muda mwingi zaidi, kwa hiyo ndio unaovuta jibu kwake. Haya, baiskeli inarudi, sasa kwenye mteremko. Msaidizi, kitambaa juu. Gurudumu gani?