Gusanisha Vidole Mara Kumi

Wazee wangu, ndugu zangu, kabla sijasema lolote, inueni mkono wa kulia. Gusanisheni kidole gumba na cha shahada, mvitanue, mgusanishe tena, mara kumi, upesi mwezavyo. Haya, asanteni.

Hicho ni kipimo cha hospitali. Mgonjwa wa Parkinson hukifanya, daktari akamtazama, kisha akampa alama kuanzia 0, mwendo wa kawaida, hadi 4, mwendo mbaya kabisa. Katika ugonjwa huu, seli za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali ya kuongoza mwendo, zinapokufa, mwendo huwa mzito na hunywea kadiri unavyorudiwa: mguso wa kwanza mpana, wa tano mfupi, wa tisa unakwama. Kunywea kukiwa kudogo, daktari mmoja huandika 1, mwenzake 2, na wote ni wajuzi. Kompyuta hupewa video ya mkono huohuo, ikafuata ncha za vidole picha baada ya picha, ikapima mwanya kati yake. Mwanya huo huchorwa kama mstari, na hapo madaktari huujadili mstari huo mmoja.

Marehemu mjomba wangu, kule Jinja, alitetemeka mkono. Majirani wakasema ni obuko, amevunja mwiko wa ukwe. Akaacha kwenda hata harusini. Mtetemeko wa Parkinson kwa kawaida huja mkono ukiwa umetulia mapajani, mara 4 hadi 6 kwa sekunde. Unahesabika! Sensa, yaani kihisio cha mwendo, iliyomo ndani ya simu zenu inaweza kuuhesabu. Haitoi jina la ugonjwa, hiyo ni kazi ya daktari, lakini ingetupa la kuwajibu majirani wale.

Linaloniuma zaidi ni suala la saa. Levodopa, dawa ya ugonjwa huu, husaidia sana, ila ugonjwa ukisonga mbele, nguvu ya dozi huisha kabla ya dozi inayofuata. Mtu ametoka Iganga alfajiri kwa taksi, anafika hospitali ya Mulago, Kampala, dawa ndiyo kwanza imeshika, anatembea vizuri, anaambiwa aendelee hivyohivyo. Saa nane mchana hawezi kufunga kifungo cha shati, na daktari hayupo kuliona hilo. Sensa ikifungwa mkononi siku nzima, na saa ya kila kidonge ikaandikwa, mashimo hayo ya dawa kuisha nguvu yanaonekana, na daktari anajua dozi ipi aisogeze.

Vijana wa kompyuta, hapa ndipo ninapowahitaji. Boda boda hutetemesha mkono. Kutwanga karanga ni mwendo wa kujirudia, kupepeta mchele pia. Programu ambayo haijawahi kuona kutwanga huenda ikakuita kutwanga ugonjwa. Lazima ifundishwe kwa mikono ya hapa, ya wazima na ya wagonjwa, ikiwa kazini na ikiwa imepumzika, na wenye mikono hiyo wawe wamekubali.

Kwenye meza ile ya nyuma kuna simu mbili na mikanda yake. Mama mmoja amekuja na kinu. Anayeridhia kurekodiwa aanze kwa kukaa, mikono mapajani, atulie dakika moja.